Shajara ya mradi: Nani anakula vifaranga wangu hapa Pasua

1 Septemba

Kaunta buku hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Nusu ya mbele itabaki ya vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nusu ya nyuma, kuanzia leo, ni ya mwewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Pasua, Moshi, na nyuma ya nyumba nina mradi wa kuku wa kienyeji. Julai na Agosti tetea wawili walinitotolea vifaranga 26. Leo wamebaki 9. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani kwetu wamekwenda wapi, jibu ni moja: mwewe. Meku, mzee wa jirani, kanionyesha hadi manati, kaifunga mpira mpya.

Mdogo wangu anasoma Mweka, kile chuo cha wanyamapori kilichopo huko mlimani tangu 1963. Jana alikuja kula, nikamlalamikia. Akaniuliza, "Dada, ulimwona?"

"Nani?"

"Huyo mwewe, akiwabeba wote 17."

Nikakaa nikakumbuka. Nilimwona mara mbili. Hao wengine 15 nilichoona ni mahali walipokuwa.

Basi tumekubaliana. Kila kifaranga akipotea naandika saa, mahali na aliyeonekana. Kama sikuona kitu naandika "sijui", hata kama moyoni nina jina. Hilo la mwisho ndilo gumu.

3 Septemba

Tetea wangu Kishingo katotoa. Mayai 14, vifaranga 12. Wawili ni weupe pee, na kama mwizi anatokea juu basi hao ndio atakaoanza nao.

5 Septemba

Asubuhi nimehesabu vifaranga 10 wa Kishingo. Banda lilifungwa jana saa 12 jioni, mlango haujaguswa, hakuna unyoya wala damu. Meku anasema mwewe aliingia alfajiri nilipofungua. Nimeandika "sijui" mara mbili, mkono mzito.

7 Septemba

Nilikwenda soko la Mbuyuni kununua zipu na nyuzi. Mdogo wangu akanifuata, darubini ya chuo shingoni, watu wanamdhania mtalii aliyepotea njia.

Kanisimamisha karibu na mabucha. Juu yetu walikuwa wanazunguka mwewe kama kumi na watano, hawapigi bawa, mikia inageuka huku na huku kama usukani. "Tazama mkia kwanza, rangi baadaye," akasema. Mkia wa mwewe umegawanyika mwishoni kama panda la manati, na anausokota kila anapokata kona. Mdomo wake ni wa njano mtupu. Muuza nyama mmoja akarusha kipande cha utumbo juu ya bati. Mwewe akashuka, hakutua. Alinyoosha mguu tu, akapita nacho, kisha akiwa bado hewani akainamisha kichwa na kula kutoka kwenye kucha zake, kama mtu anayekula andazi huku anawahi daladala.

Dakika chache baadaye mwanafunzi mmoja akanyang'anywa sambusa. Alibaki ameshika gazeti.

Nimezaliwa Moshi na miaka yote hii kila ndege mwenye mdomo uliopinda nimemwita mwewe. Kumbe mwewe ni huyu mmoja. Kuna kipanga, mwenye mabawa mafupi ya mviringo. Kuna kozi, mwenye mabawa yaliyochongoka. Kuna shakivale, kifua cheupe na mkia mwekundu, ndiye yule anayening'inia hewani ukipanda kuelekea hospitali ya KCMC. Na kuna tai wa aina kadhaa. Mdogo wangu anasema kuwaita wote mwewe ni sawa na mtu kuita kila kitambaa kitenge. Hilo linaniudhi kila siku barazani, kwa hiyo nilimwelewa mara moja.

11 Septemba

Saa 4:20 asubuhi. Nimeona!

Nilikuwa napiga pasi. Hakutokea juu. Alitokea upande wa kwa Meku, chini chini, usawa wa kamba ya nguo. Akapenya kati ya shuka mbili bila kuzigusa, akamnyakua mmoja wa wale weupe pale ninapomwaga maganda, akapotelea kwenye migomba. Kishingo alipopiga kelele mwizi alishakwenda. Jambo zima halikuzidi muda wa kusema "mama yangu".

Mabawa mafupi. Mkia mrefu, ulionyooka, wenye mistari ya kupita. Kifua cha vistari vya kahawia, miguu ya njano kama mabua. Nikampigia mdogo wangu, nikamsomea kutoka daftarini kama ninavyosoma vipimo vya suruali. "Kipanga huyo, dada. Mabawa mafupi ndiyo yanampa uwezo wa kukata kona kwenye miti na nyumba. Alikuwa mkubwa?" Nikasema mkubwa. "Basi ni jike. Kwao jike ndiye mwenye mwili."

Kipanga: 1. Wamebaki 9. Meku alikuwa barazani kwake wakati ule wote, manati mkononi, na hakuona kitu. Alikuwa anatazama angani.

12 Septemba

Kunguru, wale wenye kifua cheupe. Walikuja wawili. Mmoja akawa anamvuta Kishingo mkia kwa nyuma, Kishingo akigeuka kumfukuza, wa pili anaingia mbele. Huo ni ujambazi wa kupangwa. Wamebaki 8. Saa 1:45 asubuhi, kwenye beseni la maji.

14 Septemba

Mdogo wangu kapata kiota cha mwewe kwenye mikaratusi nyuma ya kiwanja cha mpira. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, na kwa sababu alinipa darubini mimi, nitaandika kwa kirefu.

Kiota kiko kwenye panda la tatu kutoka juu, vijiti vimerundikwa ovyo, kazi ya mtu asiyejali. Lakini ndani kimetandikwa. Ndugu zangu, mwewe anatandika! Kuna nyuzi za salfeti, kuna kitu kama soksi ya mtoto, kuna vipande vya rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima Juni 2019, sijui yeye anaitoa duka gani. Mdogo wangu anasema ndiyo tabia yao popote penye watu: matambara, karatasi, nailoni, chochote laini wanachookota.

Yule anayeatamia alipojiinua kugeuka, upepo ukainua kitambaa kilichokuwa kinaning'inia pembeni. Rangi ya haradali, duara za buluu, ndani ya duara kuna kitu kama kibuyu.

Nakifahamu kitambaa hicho. Nilikikata mwenyewe Agosti, gauni la mama mmoja wa Majengo la kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Mabaki nilifagia nikaweka kwenye ndoo ya taka hapo nje. Nikamwambia mdogo wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mwewe anaatamia juu ya pindo langu.

Wanaatamia mwezi na siku kadhaa, kisha makinda yanakaa kiotani karibu miezi miwili. Nitakuwa napita hapa Jumamosi.

18 Septemba

Usiku wa kazi, sare za harusi, nguo kumi na moja za rangi ya pichi. Saa 7 usiku sauti ikapiga nje, mkwaruzo mrefu kama mtu anapasua jinzi kuukuu karibu na sikio. Nikajichoma sindano. Imetoka kwenye pagale la jirani, lile lenye kuta na paa nusu ambalo mwenyewe yuko Dar.

Asubuhi Meku kaniita, "Mwanangu, ulimsikia bundi? Kuna msiba unakuja." Nikamwamkia kwanza, ndipo nikamwambia nimesikia. Meku aliwahi kusema hivyo mwaka juzi pia, na hakufa mtu.

20 Septemba

Nimejaribu njia ya kupaka rangi. Mama mmoja sokoni kaniambia kifaranga wa rangi ya ajabu mwewe humwogopa. Nikanunua GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, nikapaka wanne kati ya wanane. Mdogo wangu ndiye aliyesisitiza niwaache wanne bila rangi, vinginevyo sitajua kama imesaidia. Kishingo aliwakagua wale wanne kama mzazi ambaye watoto wamerudi kutoka kwa kinyozi mpya. Akawakubali. Vidole vyangu bado vya zambarau, na nina gauni jeupe la kumaliza.

22 Septemba

Nimeingia pagaleni. Chini ya pembe yenye paa kuna madoa meupe ukutani na sakafuni kuna vitu kama vidole gumba vilivyokaushwa. Vile vipya ni vyeusi na vinang'aa kama vimepakwa rangi ya viatu, vya zamani ni vya kijivu na vinameguka. Nimeokota sita kwa mfuko wa nailoni.

Bundi humeza mnyama mzima. Nyama inayeyushwa tumboni, manyoya na mifupa vinafungwa kuwa donge, analitapika. Niliyaloweka madonge kwenye maji ya uvuguvugu, nikayafungua juu ya meza ya kukatia kwa pini na kile kibano cha kuvutia nyuzi. Usiniulize meza niliifuta kwa kitu gani baadaye. Ndani ya donge la kwanza kulikuwa na mafuvu matatu madogo, meupe, mazima kabisa, meno ya mbele marefu na ya rangi ya chungwa. Mbavu nyembamba kuliko sindano namba 9. Kwenye donge la nne nikapata mafuvu matano, moja limeingia ndani ya fumbatio la manyoya kama kifungo kwenye tundu lake. Madonge sita, mafuvu 19. Mdogo wangu kaangalia picha: panya, panya, panya. Wengine ni panya shamba, wale ambao watafiti wa chuo kikuu cha kilimo, SUA, kule Morogoro wamewafuatilia kwa miongo, maana wanamaliza mahindi ya watu.

Hakuna hata kidole cha kifaranga. Nilitafuta.

24 Septemba

Mmoja kapotea usiku, asiye na rangi. Sijui. Wamebaki 7.

28 Septemba

Saa 8:10 mchana. Mwewe, mwewe wa kweli, mkia wa panda, mdomo wa njano. Alizunguka mara tatu juu ya nyumba, hana haraka, akashuka mshazari na kumchukua aliyekuwa ameachana na wenzake. Alimchagua wa zambarau.

Wamebaki 6. Habari ya GV tuiishie hapa.

2 Oktoba

Nimepeleka sare za shule Mabogini kwa bodaboda. Kule kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, juu ya nguzo alikaa ndege mweusi mkubwa, macho ya njano, na kichwani manyoya marefu yaliyosimama yakipeperuka kama kofia ya bibi harusi aliyekosewa. Tai mwenye kishungi. Chakula chake karibu chote ni panya, kwa hiyo mpunga unamfaa sana. Tulisimama chini yake kabisa asishtuke.

"Mwewe huyo," akasema dereva. Nikanyamaza, bado alikuwa hajanirudisha.

5 Oktoba

Tetea mweusi katotoa 10. Chanjo ya kideri nimeweka kwa wakubwa, tone moja jichoni, ile ya I-2 ya kila miezi mitatu. Naandika hapa ili nisije kusingizia ndege kwa ugonjwa.

8 Oktoba

Asubuhi nimekuta 7 kati ya 10. Wawili hawapo. Wa tatu yupo, nusu. Kichwa na shingo vimegugunwa, mwili umeburutwa hadi nyuma ya salfeti la pumba. Nikalivuta salfeti. Ukutani, pale mabanzi yanapogusa udongo, kuna tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa, kingo zake zimelainika kwa kupitwa. Mlangoni mwa tundu kuna unyoya wa kifaranga.

Nikarudi kwenye daftari. Tangu 3 Septemba nimepoteza tisa. Kipanga mmoja, kunguru mmoja, mwewe mmoja. "Sijui" watatu pamoja na hawa watatu wa leo ni sita, na wote sita wameondoka usiku. Mwewe usiku analala. Kipanga analala. Kunguru analala. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, "usiku", "usiku", na bado nikawa naangalia juu.

Meku nilipomwonyesha tundu alitikisa kichwa. "Panya ni panya," akasema, "lakini mwewe amemfundisha." Basi.

9 Oktoba

Kapita yule kijana wa kipaza sauti, ile sauti iliyorekodiwa inayotangulia na kumfuata: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, panya anakufa hapohapo. Nimenunua pakiti nne, vijiwe vya buluu. Nimeweka tundu la banda, stoo, na nyuma ya choo.

13 Oktoba

Imefanya kazi. Nimekuta panya watatu wamekufa. Wa nne alikuwa anatembea uani mchana kweupe, taratibu, kama mlevi anayerudi kutoka kilabu cha mbege. Sikuwahi kumwona panya akitembea hivyo. Vifaranga wote 7 wapo, na wale 6 wa Kishingo wapo. Nimelala vizuri.

19 Oktoba

Leo nitaandika polepole.

Saa 3 asubuhi mtoto wa jirani alikuja mbio, "Shangazi, kuna ndege mwenye uso wa mtu." Alikuwa kwenye nyasi chini ya ukuta wa pagale. Bundi, mweupe kifuani mwenye madoa machache, uso wa umbo la kopa. Kwenye jua! Kanitazama, akafungua mdomo, hakutoa ile sauti ya kupasua jinzi, alitoa pumzi tu. Kwenye ncha ya mdomo palikuwa na damu. Kwenye kidole cha mguu palikuwa na mchubuko mdogo, wa kawaida, wa kujikwaruza kwenye bati, na damu ilikuwa inatoka pale haigandi. Nilimfunika kwa kanga nikamweka kwenye boksi. Kanga ikalowa.

Nikampigia bwana mifugo. Akauliza kama kuna mtu kaweka sumu ya panya. Nikanyamaza. Akasema inayohitajika ni vitamini K, hana, atajaribu kuulizia mjini. Saa 10 jioni alipopiga tena nilimwambia asihangaike.

20 Oktoba

Mdogo wangu alikuja na glavu. Akasoma pakiti. Brodifakumu. Sumu hizi, yeye anavyoeleza, zinazuia damu kuganda. Panya hafi hapohapo, kijana wa kipaza sauti anadanganya. Anaishi siku kadhaa akiwa ameibeba mwilini, na katika siku hizo anakuwa mzito, anatoka hadharani, hakimbii. Kwa bundi huyo ndiye panya rahisi kuliko wote. Anakula mmoja leo, wa pili kesho, na sumu inajikusanya kwenye ini.

Yule wa nne. Yule mlevi.

Sikuwa sijui kwamba bundi anakula panya. Nilikuwa nimeyahesabu mafuvu 19 juu ya meza yangu mwenyewe, nikayachora. Wiki mbili na siku tatu baadaye nikanunua pakiti nne, na sikukumbuka kuuliza panya wakifa wanakwenda wapi.

Kabla ya kumzika nilimwomba mdogo wangu anikunjulie bawa. Unyoya wa mbele kabisa, ule unaokata upepo, ukingo wake una vijino vya kuchana, laini kama ukingo wa kitambaa kilichochomolewa nyuzi. Ukingo wa nyuma ni mashada mashada, kama shali. Ndiyo maana hasikiki akiruka. Nimekuwa nikishona miaka 20, sijawahi kuona pindo lililofanyiwa kazi namna ile. Na ukucha wa kidole cha kati una kitana chake kidogo, cha kujichania.

Tulimzika kwa kina, chini ya mparachichi, ili mbwa wasimfukue. Meku alisimama nasi, kofia mkononi. "Si niliwaambia bundi analeta msiba," akasema. "Ameleta wake." Kisha akaenda zake na sikumwona hadi jioni.

Jioni mdogo wangu alinisimulia habari za kozi wa Marekani. Walikaribia kuisha kabisa sehemu kubwa ya nchi ile kwa ajili ya DDT iliyopulizwa mashambani. Wadudu waliibeba, ndege wadogo wakala wadudu, kozi wakala ndege wadogo, na mayai yao yakawa na ganda jembamba hata mama akiatamia yanapasuka. DDT ilipigwa marufuku kule 1972. Sasa kozi wanataga kwenye maghorofa na madaraja ya New York. Nadhani alikuwa ananifariji. Nilichosikia mimi ni kwamba ilichukua miaka mingi.

Vijiwe vilivyobaki nimevikusanya kwa kijiko. Katika pakiti nne nimepata pungufu ya moja.

26 Oktoba

Kazi tu. Nimemwita fundi, sakafu ya banda imepigwa zege, pembeni tumeweka waya wa matundu ya nusu inchi ulioingia chini ya ardhi shubiri mbili. Pumba sasa zinakaa kwenye pipa lenye mfuniko. Mchana vifaranga wadogo wako chini ya tenga mpaka wafike wiki sita, na juu ya uwanja nimefunga nyuzi zenye CD kuukuu. Kipanga amepita mara moja, akazunguka akaondoka.

Fedha iliyotumika ingenunua kuku wakubwa wanane. Nimeiandika, sitaitaja.

2 Novemba

Kiotani kuna makinda mawili, vichwa vya manyoya. Mmoja ndiye mwenye nguvu, anakula kwanza. Mzazi alileta kitu kirefu chenye miguu, nadhani mjusi kafiri. Kitenge bado kipo, kimepauka upande wa jua.

6 Novemba

Saa 4 usiku. Sauti ya jinzi kupasuka. Nilizima cherehani nikasikiliza mpaka ikarudi. Alikuwepo mwenzake.

9 Novemba

Mwenye pagale kapiga simu kutoka Dar kwamba Januari anamalizia paa na kuziba kote. Nikamweleza kuna bundi. Kimya kidogo, kisha, "Basi nitaziba Desemba."

Mdogo wangu anasema bundi huyu habagui nyumba, boksi la mbao litamtosha akilipenda. Kanitumia vipimo na nimeviandika kwa mazoea nusu ya mbele ya daftari, kati ya mama mmoja wa kwaya na suruali mbili za mwalimu: *Bundi. Upana sm 60, kina 45, kimo 45, mlango 15 kwa 15. Juu, mita nne au zaidi.*

Nilimpelekea Meku, kwa kuwa ana msumeno, nikijua nitaambiwa maneno. Akavaa miwani, akasoma. "Hii mlango wake uko pembeni au katikati?" akauliza.

23 Novemba

Vuli imekuja kwa kishindo jana. Leo jioni kumbikumbi wametoka kila ufa, watoto wako chini ya taa na mabeseni. Juu ya kiwanja cha mpira walikuwepo mwewe wote wa mji, na katikati yao ndege wadogo wenye mabawa yaliyochongoka, wengi sana, wanadaka hewani bila kelele. Mdogo wangu alikuwa anaruka kama mtoto. Kozi wa Amur! Wanatoka Siberia mashariki na kaskazini mwa China, wanapita India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi kwa mkupuo mmoja, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, wanaelekea kusini mwa Afrika. Dume ni wa kijivu iliyoiva na ana miguu myekundu. Nusu saa, giza likaingia. (Nimeongeza kesho yake: hakuna hata mmoja.)

Kati ya mwewe walikuwepo wenye mdomo mweusi. Nilidhani nimegundua aina mpya. Hao ni wageni wa Ulaya na Asia wanaokimbia baridi, au ni makinda yetu ambayo mdomo haujapata njano. Kwa mbali siwezi kutofautisha, nimeandika "sijui". Siku hizi naiandika bila shida.

30 Novemba

Boksi limepanda kwenye mti wa mruka wa Meku, upande wa kwake wa uzio. Alitaka liwe kwake. Sababu aliyotoa ni kwamba kwangu kuna taa ya cherehani inayowaka usiku kucha.

7 Desemba

Kinda kubwa limeruka leo. Lilikwenda kutoka kiotani hadi mti wa pili, likatua vibaya, likaning'inia kama koti kwenye msumari kabla ya kujinyanyua. Mdogo wake bado yupo juu anapiga mabawa.

Vifaranga: 13 kati ya 13 tangu 9 Oktoba. Nimehesabu mara mbili.

14 Desemba

Chini ya mruka wa Meku kuna donge moja. Jeusi, linang'aa. Meku kaliona kabla yangu na kalifunika kwa kopo ili mvua isiliharibu, akanisubiri hadi nitoke kanisani. Mafuvu manne.

Jioni kaja yule mama wa Majengo, wa kitenge cha haradali. Gauni limechanika kwapani, anaomba kama nilibakiza kipande cha kuweka kiraka. Nikamwambia kimebaki kimoja, lakini kina wenyewe, na mmoja wao bado hajajua kuruka.